Bega la Shangazi

Asubuhi ile nilivaa viatu vipya, na sababu naisema wazi: nilitaka Rula anione. Nilikuwa nimeshamfukuza mlangoni kwangu, nimemwambia asinipigie simu tena, nimefuta picha zake zote, na bado nilitaka anione nimependeza. Kama kuna mwanamke asiyewahi kufanya hivyo, anitupie jiwe la kwanza.

"Unakwenda kwenye shauri au unakwenda kuposwa?" Shangazi aliniuliza akinikagua kuanzia chini.

"Nakwenda kudai haki yangu, Shangazi."

"Haki haihitaji kisigino kirefu namna hiyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu kuamka alikuwa hajagusa chai, na mtandio alikuwa ameuvaa, akauvua, akauvaa tena. Nilidhani ana hofu kwa ajili yangu. Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa ninanyonya, baba akaenda kutafuta maisha na maisha yakamficha hukohuko. Wenzangu wana mama na wana shangazi. Mimi niliwapata wote wawili ndani ya mtu mmoja, na sikuwahi kuona upungufu.

Mtu huyu ninayempenda hivyo ana bega moja lililoshuka. Alipokuwa msichana alianguka kwenye ngazi, mfupa ukaungwa ovyo, na bega la kushoto halikupanda tena. Si kilema cha kumzuia kazi, lakini kilimzuia picha. Katika picha zote za ujana wake amejitanda mtandio upande wa kushoto, jua liwe kali namna gani. Kwa hiyo binamu yangu alipotaka kuolewa nikasema, mimi ni fundi wa nguo, nabuni na kushona magauni ya watu wa kila namna, nitashindwa kumvalisha aliyenilea?

Lile gauni nililikata kwa mapenzi. Upande wa kushoto niliukata tofauti na wa kulia, bega likafuata mwili wake, kisha nikapitisha mikunjo kutoka kwenye bega hilo hadi kiunoni upande wa pili, ili jicho la mtu lisipate nafasi ya kulinganisha. Ukilitazama kwa nje huoni chochote. Unaona mwanamke aliyenyooka. Siku ya harusi Shangazi alijitazama kwenye kioo, akanyamaza, kisha akauvua mtandio na kuuacha kitandani. Nilipiga picha. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Watu walilipenda, wakalisambaza, wakaanza kuuliza. Kabla sijamaliza kushona la mteja wa kwanza, duka kubwa la nguo, lile linalouza zaidi kwenye simu kuliko kwenye rafu, likatoa gauni hilohilo kwa rangi zote. Nikaandika kwa hasira kwamba ni ubunifu wangu. Kesho yake ukurasa wangu ukafungwa. Duka lilikuwa limeshauandikisha mchoro kwa jina lake, likanilalamikia kwamba mimi ndiye mwigaji. Mtandao haukuuliza nani alitangulia kushona. Uliuliza nani alitangulia kuandikisha. Wateja wangu wa miaka mingi wakaanza kunisema. "Kumbe siku zote anaiga," mmoja aliandika, na huyo nilimshonea mpaka nguo za watoto wake.

Na Rula? Rula alikuwa anafanya kazi katika duka hilohilo. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu wake na kwa vile mkono wake haukosi rula, kwani kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya nguo na kuvichora kwenye kompyuta ili mashine zikate. Nilimpenda tangu siku aliponitania kwamba mistari yangu imenyooka kuliko yeye. Nilipoliona gauni kwenye simu nilimwita, nikamuuliza mbele ya Shangazi: "Ni wewe uliyelichora?"

"Ni mimi."

"Ulilipata wapi?"

Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Nikamwonyesha mlango. Alipotoka, Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo hakufai." Tangu mwanzo alikuwa anampenda kijana yule, akimwekea chakula, kisha ghafla, majuma machache kabla ya hayo, akageuka, hataki hata kusikia jina lake. Nikadhani uzoefu wa mtu mzima umeona mbali.

Nikapeleka malalamiko, na asubuhi ile ndipo tukaenda.

Chumba cha usuluhishi cha ofisi ya haki za wabunifu kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na feni iliyolalamika kila ilipozunguka. Msuluhishi alikuwa mama mmoja mwenye mwili kama wa Shangazi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mtu wa kucheka kwa macho na kukaripia kwa mdomo. Wakili wa duka alikuwa na suti nzuri sana. Nilitaka kumchukia lakini mshono wa kola yake ulikuwa safi, na fundi hawezi kuchukia mshono safi. Mezani mbele yake lilikuwa limelazwa gauni la dukani, la kijani. Sikuligusa. Hata siku moja sikuwahi kuligusa. Niliona nikiligusa nitalichana.

"Tuelewane mapema," Msuluhishi alisema, akivaa miwani. "Sheria haimpi mtu umiliki wa gauni refu lenye mikunjo. Wazo ni la wote. Linalolindwa ni kazi yenyewe: michoro, karatasi za kukatia, mpangilio uliotoka kichwani mwa mtu. Kwa hiyo swali langu ni moja. Duka lilichora lenyewe, au lilichukua cha huyu binti?"

"Lilichora lenyewe, Mheshimiwa," wakili akajibu, laini kabisa. "Hatukatai kwamba picha ya mlalamikaji ilitangulia. Huenda wabunifu wetu waliiona. Lakini kuona picha na kuvutiwa si wizi. Kila mtu siku hizi anaona picha. Tukianza kukamatana kwa kuvutiwa, dunia nzima itatembea uchi."

Msuluhishi akatabasamu. Nami nilijua jambo lile lilikuwa na ukweli.

"Nina shahidi," wakili akaendelea. "Mchoraji mwenyewe. Jina lake limo kwenye faili la kompyuta. Aingie."

Rula akaingia.

Alikuwa amekonda. Shati lake nililijua. Kifungo cha pili nilikishona mimi, na uzi wake ulikuwa haufanani na wa vingine. Aliwaamkia wakubwa, akamwamkia Shangazi kwa adabu ileile ya zamani, kisha macho yetu yakakutana. Niliyakaza ya kwangu. Ya kwake hayakuwa na kisasi wala aibu. Yalikuwa yanasema tu, umekula leo? Nikageukia feni.

"Gauni hili umelichora wewe?" wakili akamuuliza.

"Nimelichora mimi."

"Bila kusaidiwa na mtu?"

"Bila kusaidiwa."

"Kutoka kichwani mwako."

"Hapana."

Wakili akakohoa. "Labda hukunielewa. Katika maelezo uliyotia saini..."

"Niliandika kwamba nimelichora mimi. Sikuulizwa nililichora kutoka wapi." Akamgeukia Msuluhishi. "Samahani, Mama. Naomba ulivae."

"Mimi?"

"Wewe, Mama. Juu ya nguo zako hivyohivyo. Linatosha."

Wakili akasimama kupinga, lakini mama yule alikuwa ameshainuka. Nadhani tangu tulipoingia alikuwa analitamani. Akalipitisha kichwani, akahangaika kidogo, mdomo ukatokea, kisha pua, kisha miwani imekaa upande. Hata mimi nilijikuta nacheka. Akajinyoosha, akavuta hapa, akavuta pale.

"Zuri," alisema. "Ila bega hili linanikimbia."

Bega la kushoto. Likapanda alipolivuta, likateremka alipoliachia.

Bega lile nililijua. Nilikuwa nimeyasoma malalamiko ya wanunuzi mtandaoni, kwamba bega linashuka, na nilifurahi kimoyomoyo nikidhani ni ushonaji mbovu. Fundi mzima, hasira ilinifumba macho.

"Hilo ni kosa la kiwandani," wakili akasema haraka. "Na mkosaji ni huyuhuyu. Wateja wamerudisha magauni kwa sababu yake. Aliamriwa arekebishe, akakataa. Ameshapewa barua, mwisho wa mwezi anaondoka."

Anaondoka! Kazi ile Rula aliisotea. Nilimtazama, na safari hii sikuweza kukaza kitu.

"Hebu tueleze, kijana," Msuluhishi akasema, bado amelivaa. "Kosa linatokeaje?"

"Halitokei, Mama. Hata ukitaka litokee, ni kazi." Rula aliongea taratibu. "Kwetu, nguo ya mtu yeyote tunachora nusu moja tu. Nusu ya pili kompyuta inaigeuza yenyewe, kama sura kwenye kioo. Kwa hiyo kushoto na kulia lazima vilingane. Hili sikulichora hivyo. Nilichora upande mmoja, nikafuta kabisa amri ya kugeuza, nikachora na wa pili kwa mkono."

"Kwa nini ujipe kazi mara mbili?"

"Kwa sababu sikupewa picha. Nililetewa gauni lenyewe, limeshashonwa, nikaambiwa lichore lilivyo. Na pande zake zilikuwa hazilingani. Kwenye picha hilo halionekani, mikunjo inalificha. Aliyelibuni alikusudia lisionekane. Ningefuata mazoea, kompyuta ingelisawazisha na ushahidi ungekwisha palepale. Ningekataa, angepewa mwenzangu, naye angesawazisha bila kujua. Nikaona bora nilichore mimi, nimwache mwenyewe ndani ya nguo yake. Kila gauni lililotoka dukani limebeba mwili wa mtu mmoja, Mama. Na mtu huyo tunaye humu."

Chumba kizima kikamgeukia Shangazi.

Shangazi alikuwa ameushika mtandio wake kwa mikono miwili. Msuluhishi alilivua gauni, akalikung'uta kidogo, akamwendea mwenyewe. "Dada yangu, utanisaidia?"

Nilitaka kusema msimlazimishe. Nilijua kuuvua mtandio mbele ya wanaume wageni kulikuwa na maana gani kwake. Lakini alisimama. Akauweka mtandio kwenye kiti, akalipokea gauni la kijani, na mimi nikasogea kumsaidia kama siku ile ya harusi. Likashuka juu ya nguo zake bila kuvutwa. Bega la kushoto likakaa, kifua kikakaa, mikunjo ikalala mahali pake. Gauni la kiwandani, la rangi ambayo sikuichagua, lililoshonwa na watu wasiomjua, lilikuwa limempima kuliko ngozi yake.

Feni peke yake iliendelea kulalamika.

"Wakili," Msuluhishi akasema hatimaye, "hapa picha imewavutia sana, mpaka ikawapa na vipimo vya shangazi."

Nilidhani tumeshinda. Nilimgeukia Rula na neno la shukrani likiwa ulimini. Lakini wakili hakuwa mtu wa kukaa bure ndani ya suti ile.

"Na tukubali hivyo," alisema, akisimama polepole. "Gauni lilifika kwetu. Lilifikaje? Kijana huyu alikuwa mchumba wa mlalamikaji. Alikuwa anaingia na kutoka nyumbani kwao. Mimi nasema yeye ndiye aliyelichukua, akalileta kazini ajipatie sifa, na sasa kibarua kimeota nyasi anageuka shahidi. Duka lilipokea kwa nia njema. Mwizi ni yeye. Na kama si yeye, atwambie ni nani."

Msuluhishi akamtazama Rula juu ya miwani. "Nani alilileta dukani?"

"Mkuu wangu wa kitengo aliniwekea mezani."

"Yeye alilipata kwa nani?"

Rula akanyamaza. Kilikuwa kimya kilekile cha siku ile nyumbani kwangu, kichwa kimeinama vilevile.

"Unajua?"

"Najua, Mama."

"Basi sema."

"Siwezi."

"Kijana, ukikaa kimya nitaandika kwamba ulilichukua wewe. Unaelewa? Jina lako litakwenda kwenye uamuzi huu, na uamuzi unasomwa na kila mwenye kiwanda. Hutapata kazi ya kuchora hata leso."

"Andika tu, Mama."

"Rula!" Nilipiga kelele bila kutaka. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama anayemwambia mtoto asilie.

Msuluhishi alichukua kalamu. Na hapo nikasikia sauti nyuma yangu, sauti iliyoniimbia nilale na kuniamsha niende shule, ikisema, "Usiandike. Ni mimi."

Shangazi alikuwa bado amevaa lile gauni la kijani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Ni mimi niliyelitoa. Baada ya harusi alikuja nyumbani mama mmoja mtanashati, ameiona picha. Mwanangu hakuwepo, amekwenda kununua vitambaa. Akanisifu. Mheshimiwa, mimi sijawahi kusifiwa umbo tangu nianguke. Akaniita mrembo. Akasema ananiomba gauni siku moja tu, akapimiwe la kwake kwa fundi wake, halafu alirudishe. Nikalikunja kwa mikono yangu miwili nikampa. Sifa zililevya akili yangu. Sikujua ni mtu wa duka."

"Lilirudi?" Msuluhishi akauliza kwa upole.

"Lilirudi. Alilirudisha huyu kijana." Akamwonyesha Rula kwa kidevu. "Alilitambua kazini, akalibeba hadi nyumbani, akaniambia, Shangazi, mwambie mwenyewe mapema, wasije wakamtangulia kuandikisha. Nikamlilia. Nikamwambia mtoto huyu sina mwingine, akijua nimempoteza. Nikamwapisha asiseme. Akaapa. Kisha kila nikimwona nikawa naiona aibu yangu. Nikaanza kumwambia mwanangu hafai. Nilitaka aondoke aende nayo."

Niliketi.

Mengine yalikwenda haraka. Wakili alitoka kupiga simu, akarudi tabasamu limepungua. Msuluhishi aliandika kwamba mchoro ni wangu; duka liondoe gauni na picha zake zote kwenye kurasa zake, lifute uandikishaji wake, na liiandikie kampuni ya mtandao kwamba malalamiko dhidi yangu yalikuwa ya uongo ili ukurasa wangu ufunguliwe. "Walioshirikishana picha huko nje siwezi kuwakimbiza wote," aliniambia akinipa nakala. "Picha ikishatoka ni kama uvumi, haina mlango wa kurudia. Lakini jina lako limesimama. Na wewe, binti, siku nyingine andikisha kwanza, furahi baadaye."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru mimi," alisema, akimtazama yule mrefu aliyekuwa anaelekea mlangoni.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje, karibu na dirisha, anajifanya anasoma matangazo ya ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanitoka.

"Kwa hiyo uliniacha nikutukane," nikamwambia.

"Ulitukana vizuri. Matusi mengine nilikuwa siyajui."

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

"Basi usicheke."

"Nilikuita mwizi, Rula. Mlangoni, majirani wanasikia. Ungesema neno moja tu!"

"Niliapa."

"Kiapo! Umepoteza kazi kwa ajili ya kiapo. Ulikuwa tayari upoteze na jina. Na mimi je? Mimi ulikuwa tayari kunipoteza?"

Akaacha kusoma matangazo. Aliponigeukia niliona kumbe alikuwa amechoka sana, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo wa mwingine njia ndefu bila kuutua.

"Usiku ule nilipofika nyumbani nilipiga hesabu ya maisha yangu yote bila wewe," alisema. "Haikukubali. Nilitaka kurudi nikugongee nikwambie kila kitu. Nilifika mpaka kwenye kona yenu. Halafu nikawaza. Mimi ukinikosa, utalia, utanyamaza, iko siku utampata mwingine, pengine mfupi kidogo. Yeye ukimkosa, mama wa pili utampata wapi?"

Nililia, pale ukumbini, watu wanapita na mafaili yao. Katika maisha yangu nimepewa zawadi, nimepewa sifa, nimepewa maua yaliyonyauka na yasiyonyauka. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile alichonipa mtu yule kwa kunyamaza, na alinipa huku namtukana. Nikamshika mkono, nikauweka shavuni kwangu.

"Asante," nikasema. Sikupata neno kubwa zaidi, na nadhani halipo.

"Umekula leo?" akaniuliza.

Nikacheka huku nalia, jambo ambalo halimpendezi mwanamke yeyote, na yeye akanitazama kana kwamba limenipendeza.

Nyuma yetu mlango ulifunguka. Shangazi alitoka, gauni la kijani ameshalivua, mtandio ameukunja mkononi. Hakusogea. Alisimama mbali kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, yule aliyenifundisha mimi kukaribisha wageni. Nilikuwa na hasira naye. Siwezi kudanganya, nilikuwa nayo, na ilichukua muda kuisha. Lakini nilimwona alivyosimama peke yake kwenye ukumbi ule, na miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikamkumbatia.

"Ungeniambia tu, Shangazi."

"Niliogopa, mwanangu."

"Uliogopa nini? Ningekasirika, ningevunja sahani, halafu ningeuliza umepika nini."

Alilia begani kwangu, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. Alipomaliza alijifuta kwa mtandio, akajinyoosha, akamwita Rula kwa mkono. Rula akaja, amekunja mikono mbele kama mwanafunzi.

"Nisamehe, baba," Shangazi alimwambia.

"Hakuna neno, Shangazi. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Kabla ya balaa hili ulisema wazee wako wanataka kuja kwangu. Mimi nikaleta visingizio, mara naumwa, mara nyumba inapakwa rangi. Bado wanataka?"

Rula alinitazama. Nikatazama chini, aibu ya msichana ilinipata kwa kuchelewa. "Bado wanataka," alisema.

"Waambie waje. Ila wasije kuniomba mtoto wangu." Shangazi akamshika mikono yote miwili. "Waje wakae, wanywe maji, wanisikilize. Safari hii anayeomba ni mimi. Nataka niwaombe mtoto wao."